Si Kitovu, Wala Si Baiskeli

Si kitovu. Nasema si kitovu, na ukiniletea hapa wazee wa lokesheni nzima pamoja na wazee wa ng'ambo Uganda, nitawaambia hivyo hivyo. Si kitovu, wala si baiskeli. Wewe ulikaa kwa hoteli pale Busia, chai mbele yako, mandazi mkononi, ukatangazia watu ati yule jamaa mrefu wa samaki, mama yake alimharibu akiwa mtoto mchanga. Mimi nilikuwa meza ya nyuma. Ukageuka ukaniona, ukasema, "Aa, ndugu, sikujua uko." Sawa. Sasa umejua.

Kwa wale hawajui mambo ya kwetu, wacha nieleze. Mtoto wa kiume akizaliwa, kile kipande cha kitovu kinabaki kikikauka siku chache. Mama anakilinda kama moto wa jikoni wakati wa mvua. Anamfunga mtoto kitambaa, analala jicho moja wazi, kwa sababu kikianguka chenyewe kikamgusa pale chini, watu wanasema basi, uzazi wa huyo mtoto umeisha. Kitovu cha ndugu yangu mkubwa, huyo huyo mrefu wako wa samaki, kilianguka mama akimwogesha kwa karai. Nyanya alikuwa kando yake. Aliona pale kilipogusa, akapiga ukelele mpaka majirani wakaingia. Mama alikuwa msichana tu, huyo ndiye mtoto wake wa kwanza. Karai lenyewe lilitupwa. Kama ingekuwa rahisi, na mama angetupwa.

Ndugu yangu alipoanza kutembea uchi kama watoto wote, watu wakatazama na wakapata ushahidi wao. Mfuko ulikuwa tupu. Pande zote mbili. Mapumbu hayakuwa yameshuka. Basi kesi ikaisha hapo. Kila mama yangu alipopita kisimani, wanawake wenye watoto wachanga walikuwa wanawafunika. Polepole tu, bila kusema neno, kama mtu anafunika chungu nzi wasiingie.

Mimi nilizaliwa nyuma, na mimi niko mzima. Nilipoanza kuelewa, tulikuwa tukienda kuoga mtoni na vijana wengine wa kwetu Adungosi. Walikuwa na wimbo wao. "Gunia tupu! Gunia bila viazi!" Mimi nilikuwa mdogo, lakini nilikuwa na kichwa kigumu, na nilikitumia. Niliwagonga tumboni kama mbuzi. Ndugu yangu alikuwa ananivuta mkono, maji yakimtiririka, anasema, "Wacha. Si wanasema kile wanaona?"

"Kama wanaona, si wafunge macho!"

"Utafunga macho ya watu wangapi wewe?"

Alikuwa hivyo. Mimi nilikuwa na maneno ya watu wawili, yeye hakuwa na ya mtu mmoja.

Tulilala nyumba moja ya vijana, mkeka mmoja. Baba alipokufa, shule yangu ikaishia darasa la nne, na ndugu yangu akaanza kazi ya baiskeli. Alikuwa akipakia samaki wakavu wa kutoka Rukala, kule ziwani, anawatoa soko la Busia anawaleta mpaka Malaba, na siku zingine anabeba watu kati ya mpaka na mpaka, mtu na mzigo wake juu ya keria. Kulikuwa na mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la sukari pale Busia, alikuwa akimpa magazeti ya zamani ya kufungia samaki. Ndugu yangu alichagua yale masafi, akayakunja ndani ya shati, akaniletea. "Soma," ananiambia. "Kisha uniambie dunia inasema nini." Hivyo ndivyo nilijua Kiingereza, kwa magazeti ya samaki. Mpaka leo neno gumu la Kiingereza linaninukia dagaa. Mtu aliyenitoa gizani namna hiyo, wewe unamsema kwa hoteli na mimi ninyamaze?

Samaki wale wa Rukala, wakati wa mvua, walikuwa wanaoza katikati ya safari. Wenye baiskeli wengine walikataa kuwabeba. Ndugu yangu alibeba. Alipita, watu wakaacha barabara. Kuku walikimbia. Yeye anakanyaga tu, uso mtulivu, kama mtu amebeba maua ya kanisa. Tulisema ana moyo. Hakuna mtu aliuliza swali lingine.

Vijana wa rika lake wakaanza kutoka ndevu, sauti zikaanguka. Yeye miguu iliongezeka, mikono ikaongezeka, lakini kidevu kikabaki laini, na sauti ikabaki ya mtoto wa kwaya. Siku moja mama mmoja mnene wa Uganda alipanda nyuma, giza la alfajiri, akamwambia, "Nyabo, endesha polepole, nina mayai." Nyabo, yaani mama. Ndugu yangu akajibu, "Ndiyo mama," akamfikisha salama. Alinisimulia akicheka. Mimi sikucheka. Nilimwuliza kwa nini hakumwambia yeye ni mwanaume.

"Alikuwa na mayai," akasema. "Angeruka."

Baba mdogo ndiye alishika boma baada ya baba. Ndiye alimwoza ndugu yangu, ili midomo ifunge. Msichana alitoka upande wa Matayos, mwenye nguvu, mwenye kicheko kikubwa. Hakuambiwa kitu. Nilifikiri atakimbia mwezi wa kwanza. Hakukimbia. Ukipita nje ya nyumba yao jioni utasikia wanaongea, anamsimulia mambo ya kisimani, na ndugu yangu anacheka na ile sauti yake. Shemeji aliniambia siku moja, tukiwa tunapura mtama, "Ndugu yako hajawahi kuniinulia mkono. Dada zangu wote wamepigwa. Mimi nalala nikipumua." Kisha akaangalia mtama. "Lakini wananiuliza. Kila siku wananiuliza."

Mimba haikuja. Na watu hawakumuuliza ndugu yangu, hawakumuuliza baba mdogo. Walimuuliza shemeji, na wakamwangalia mama. Hapo ndipo pia ile hadithi ya baiskeli ilianza. Ati kiti cha baiskeli kimemkanyaga akamalizika. Nikawauliza, na wale wenye baiskeli wengine wote wa mpakani mbona wana watoto kama sungura? Wakasema, "Ah, wao vitovu vyao vilianguka vizuri." Ukibishana na watu wa kwetu, leta chakula chako.

Wakati huo mimi nilikuwa tayari nimepata kazi Malaba, kuli wa stesheni, kupakia magunia ya pamba na kahawa kwa mabehewa. Nilikuwa nikirudi nyumbani Jumapili. Jumapili moja nikaitwa kwa chungu.

Chungu cha pombe ya wimbi kinakaa katikati, wazee wamekizunguka, kila mtu na mrija wake mrefu, na mimi nimeketi nyuma, mahali pa vijana. Mara baba mdogo akasogea kwa kiti chake, akanipa nafasi karibu, akaniwekea mrija wake mwenyewe mkononi. Nikajua kuna jambo. Mtu hakupi mrija wake bure.

"Kunywa, kijana."

Nikanywa.

"Nyumba ya ndugu yako imelala," akasema. "Moto hakuna. Wewe na yeye ni damu moja. Mambo haya yako tangu zamani. Yeye atakuwa safarini na samaki wake. Wewe utapita kwa shemeji yako, kama mtu amepita kuomba maji. Mtoto akija ni wa ndugu yako. Jina lake, shamba lake, kila kitu. Hakuna mtu atasema."

"Ndugu yangu ameulizwa?"

"Hilo si la kumuuliza."

"Na shemeji?"

Wazee wakacheka ndani ya mirija, pombe ikatoa mapovu. Nikasema sitafanya. Nikasema mtu ambaye alinifundisha kusoma sitaingia kwake kama panya. Baba mdogo akaniangalia, akanyoosha mkono akachukua mrija wake.

"Ama na chako kilianguka hapo hapo?"

Wakacheka kweli sasa. Mzee mmoja akasema, "Mama ni yule yule!"

Mimi nilisimama na nikapiga kile chungu teke. Kilivunjika vipande. Pombe ya moto ikamwagika kwa miguu ya wazee, mirija ikalala chini. Kwetu hakuna kitu kibaya kama hicho. Afadhali upige mtu. Wakanikataza boma mpaka nilete mbuzi wa kuwaosha. Mbuzi sikuleta. Sitaleta. Walimtaja mama.

Hivyo nikabaki Malaba. Nilipanga chumba nyuma ya stesheni, ukuta wa udongo, na kitanda cha kamba. Jioni napika ugali wa mtu mmoja. Hujui ugali wa mtu mmoja ulivyo mgumu kupika: ukipunguza unaungua, ukiongeza unalala, na asubuhi unakuangalia. Mimi ambaye nilikuwa nikibishana kutoka kuamka mpaka kulala, nikaanza kubishana na redio ya jirani. Salamu za nyumbani zililetwa na wanawake wa samaki. "Mama yako anasalimia." "Mwambie na mimi." Ndiyo mazungumzo yote hayo.

Siku moja mchana nilisikia kengele ya baiskeli yake nje. Nilimjua kabla sijatoka, kwa sababu harufu ilifika kwanza. Aliegemeza baiskeli kwa ukuta, akaketi kwa kitanda changu, akaangalia chumba.

"Umekonda," akasema.

"Na wewe unanuka."

"Wanasema."

Nikampa maji. Kisha akasema, macho chini, "Nimesikia kile baba mdogo alikuambia."

"Nilivunja chungu."

"Nimesikia hiyo pia. Watu wa Busia wote wamesikia." Akatabasamu kidogo. "Sasa mimi ndiye nakuomba."

Sikuelewa. Akarudia. Alisema anamjua mke wake, ni mwema, lakini ndugu zake wameanza kuja kumwita nyumbani, na akienda hatarudi. Na mama. Mama alikuwa amefika mahali hatoki nje siku ya soko. "Mtoto mmoja tu," akasema. "Mtoto mmoja akilia katika ile nyumba, mama atapumzika. Mimi sijali ametoka wapi. Lakini kama ni lazima atoke mahali, atoke kwako."

Nilihisi kama nimebeba gunia la kahawa na mtu ameongeza lingine. Nikasema, kwanza twende hospitali. Alikataa. Mimi nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Nikamwambia, nimesoma kwa gazeti watu wanaendeshwa mpaka angani, na wewe unataka kuhukumiwa na karai la nyanya? Akakubali, nafikiri, ili ninyamaze.

Tulivuka mpaka na baiskeli yake, mimi nyuma kwa keria, tukaenda kwa hospitali moja ng'ambo. Daktari alikuwa kijana Mwafrika aliyesomea Kampala, miwani, koti limekwisha rangi. Akauliza mgonjwa ni nani. Nikaanza kueleza. Akaniangalia.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni mdomo wake."

"Na mdomo wake mwenyewe uko wapi?"

Ndugu yangu akasema, "Daktari, mwache tu. Akinyamaza atapasuka."

Daktari alimpima nyuma ya pazia. Alikaa sana. Alipotoka, alimfanya anyooshe mikono yote miwili akaitazama, akamwuliza kama hajawahi kunyoa, akamwuliza kama sauti imewahi kubadilika. Halafu akauliza kitu ambacho mimi nilidhani ni mzaha.

"Unasikia harufu?"

Ndugu yangu akaniangalia mimi.

"Anabeba samaki," nikasema. "Atakosaje kusikia?"

"Sikukuuliza wewe." Akaleta unga wa kahawa, akamwambia afunge macho. Hakuna. Akaleta kitambaa chenye mafuta ya taa. Hakuna. Sabuni. Hakuna.

Ndugu yangu alifungua macho, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliongea maneno marefu. Alisema, "Daktari, mimi hiyo kitu sijawahi kuijua. Nikiwa mtoto niliona watu wanashika pua, na mimi nikashika. Nilifikiri ni adabu. Mpaka leo watu wakisema samaki wananuka, najua tu wanaongeza maneno."

Mimi nililala naye mkeka mmoja miaka yote ile, na sikujua.

Daktari akaketi, akatueleza. Na mimi nitakueleza wewe wa mandazi kama alivyotueleza. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya mahindi. Hiyo tezi inatuma dawa kwa damu, wao wanaiita homoni. Homoni ni amri. Inaenda mpaka kwa mapumbu inayaambia amkeni, fanyeni kazi. Yakiamka yanatengeneza homoni yao ya kiume, na hiyo ndiyo inaleta sauti, ndevu, nguvu za ndoa, na mbegu. Na hata kabla ya mtoto kuzaliwa, hizo homoni ndizo zinasaidia mapumbu kuteremka kutoka tumboni mpaka kwa mfuko. Amri isipotoka, hayashuki vizuri. Yanabaki njiani.

"Wewe unafanya kazi gani?" akaniuliza.

"Kuli, stesheni ya Malaba."

"Umeona treni imesimama nje ya stesheni? Reli iko, injini iko, dereva yuko. Inangoja nini?"

"Signali."

"Basi ndugu yako signali haikutoka. Si jana wala juzi. Tangu tumboni mwa mama."

Na harufu? Alisema mtoto akijengwa tumboni, ile njia ya kusikia harufu na ile njia ya kuiamuru tezi zinajengwa jirani. Kwa watu wachache zinakosekana pamoja. Akasema si kila mtu mwenye shida ya kushuka yuko hivyo. Kuna wengi wanasikia harufu na wana ndevu zao, sababu yao ni nyingine, na ambaye upande mmoja umeshuka mara nyingi anazaa kama kawaida. Lakini ndugu yangu ni pande zote mbili, na signali hakuna.

Nikauliza kuhusu kitovu. Daktari hakucheka, hiyo namheshimu. "Hata kwetu wanasema," akajibu. "Kitovu ni ngozi imekufa. Hakiwezi kumdhuru mtu."

"Na baiskeli?"

"Baiskeli inaumiza matako."

Ndugu yangu ndiye aliuliza lile la maana. Aliuliza kwa sauti ile nyembamba, "Nitapata mtoto?"

Daktari akavua miwani. Alisema kama angeletwa akiwa mtoto mdogo, wangejaribu sindano ama kumpasua wayashushe. Sasa yamekaa kwa joto la tumbo utoto wote na ujana wote, na mbegu haitaki joto. Panda harage lililochemshwa, uone kama litaota. Labda Ulaya kuna watu wanajaribu dawa mpya, yeye hana. Lakini kuna sindano nyingine, homoni ya kiume yenyewe, akidungwa kila mara sauti itashuka, ndevu zitakuja, nguvu zitakuja, hata mifupa itashukuru. Na yale yaliyobaki ndani ni lazima yaangaliwe, kwa sababu yanaweza kugeuka uvimbe mbaya.

"Hizo sindano zitanipa mtoto?"

"La."

"Basi ndevu za nini?"

Akasimama, akashukuru, akatoka kuangalia baiskeli.

Tulianza kurudi. Yeye anakanyaga, mimi nyuma, naangalia mgongo wake mrefu. Tulipofika kwa daraja, pale kati ya nchi na nchi ambapo si kwa mtu, akashuka. Malori yalikuwa yamejipanga, tanboi mmoja, msaidizi wa dereva, anaosha vioo, akatupigia mluzi tutoke njiani.

"Umesikia mwenyewe," ndugu yangu akasema. "Kwangu haitakuja. Sasa utaingia?"

Nikasema hapana.

"Nieleze."

"Kwa sababu mtoto akizaliwa, kila ukimwangalia utaona sura yangu."

Tanboi akapiga mluzi tena.

"Ndiyo nilitaka hiyo," ndugu yangu akasema. "Nione sura yako."

Mimi, mdomo mkubwa wa Malaba, nilibaki nikiangalia magurudumu ya baiskeli. Yeye akaniacha hapo darajani, akapanda, akaenda. Sikumwona tena kwa muda mrefu.

Nilimtafuta mama. Bomani siwezi kuingia, kwa hiyo nilimtumia ujumbe na wanawake wa samaki mpaka akakubali kutoka siku ya soko la Adungosi. Aliketi mwisho kabisa, karibu na ua, rundo dogo la viazi vitamu mbele yake. Nikachuchumaa. Nikamwambia yote: tezi, signali, kahawa, mafuta ya taa. Nikamwambia, "Mama, si wewe. Haikuwa wewe hata siku moja."

Nilifikiri atalia kwa furaha. Aliendelea kupanga viazi, vikubwa chini, vidogo juu.

"Niliona kwa macho yangu kikianguka," akasema.

"Kilianguka, lakini hakikufanya kitu!"

"Usinipigie kelele, baba." Akafuta kiazi kwa leso. "Nyanya yako alikufa akiwa hajanisamehe. Baba yako alikufa hivyo hivyo. Kama si kitovu, basi mimi miaka hii yote nimebeba nini?"

Nikaokota kiazi kilichobingirika, nikakirudisha kwa rundo.

Akanifungia viazi kwa kitambaa, akaniambia nikonde kidogo kwa maneno, ninenepe kwa chakula. Akauliza kama chumba kinavuja. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Baba yako mdogo ameongea na mtoto wake mkubwa. Yeye hana kelele kama wewe."

Mtoto wa shemeji alizaliwa mvua za masika. Habari niliipata stesheni, mama wa samaki akipiga vigelegele mbele ya behewa. Msichana. Wanasema mnene, wanasema ana kicheko cha shemeji. Shemeji ndugu zake waliacha kumwita. Mama sasa anatoka. Amembeba mgongoni mpaka soko la Busia, anapita katikati ya watu, na wale wa kisimani wanamwita nyanya wa fulani kwa jina la mjukuu. Mimi nilimwona kwa mbali siku moja. Anatembea kama mtu ametua mzigo wa kuni.

Na ndugu yangu? Alianza kwenda ng'ambo peke yake. Anadungwa zile sindano. Sauti imeshuka, nilimsikia akibishana na polisi wa mpakani, nikageuka kutafuta huyo mwanaume ni nani. Ana ndevu, chache, lakini zipo, na anazipapasa. Yeye hazihitaji. Anayezihitaji ni yule mtoto, ili mtu akitazama aone baba. Na ninyi mmetazama, mkaona. "Kitovu kimefunguliwa," mnasema, "baba mdogo alileta mganga." Mimi ndiye nilimpeleka kule kwa daktari, na dawa ya daktari ndiyo inashikilia hadithi ya mganga.

Anapita Malaba na samaki wake. Anapiga kengele mara moja mbele ya chumba changu. Hasimami. Kuna siku namngoja nimeketi mlangoni, chai imemiminwa vikombe viwili, kisha nakunywa vyote viwili.

Umeona sasa pale uliponiweka na mandazi yako? Nikisimama kwa hoteli nikasema kitovu hakikumfanya kitu, ni signali haikutoka, hana mbegu na hatakuwa nayo, namwosha mama yangu mbele ya watu wote. Lakini mtu wa kwanza mwenye akili atauliza: basi yule msichana ni wa nani? Kwa hiyo siku ile nilisimama, nikakushika shati, nikakuachilia, nikatoka. Ulifikiri nimeogopa. Ndiyo maana haya nayaandika bila jina la mtu, na watu warefu wa baiskeli mpakani ni wengi, tafuta mpaka uchoke.

Baba mdogo anasema mimi ndiye nilimnyima ndugu yangu. Binamu yangu, huyo mtoto wake mkubwa asiye na kelele, akilewa ananicheka, ananiita padri. Ndugu yangu hasemi chochote, na hicho ndicho kinanila. Mwangalie yule mtoto leo: amechukua pua ya binamu yangu, ile pana, mlevi yule, na ndugu yangu anaifuta kamasi kila asubuhi kwa upole. Ingeweza kuwa pua yangu. Aliniomba kwa mdomo wake, mara mbili, mtu ambaye hajawahi kuniomba kitu.

Sasa wewe unayejua kila kitu, usizunguke, usiniambie mambo ya mila na mambo ya dini: ungeingia ile nyumba, ama hungeingia?